Chembe Ngeni Katika Vyuma vya Mfupa: Namna Zinavyosakwa na Kupewa Jina

Chembe ngeni katika kipandikizi ni kitu chochote kidogo kilichobaki juu ya kifaa kinachowekwa mwilini bila kuwa sehemu ya kifaa hicho: unyuzi wa pamba, punje ya mchanga wa kusugulia chuma, kibanzi kilichomeguka kwenye keekee, sabuni iliyokaukia katika mtaro wa skrubu. Vipandikizi ni vya aina nyingi, kuanzia pleti na skrubu za mfupa, msumari unaopitishwa ndani ya paja na nyonga bandia, hadi lenzi ya jicho na mrija wa kuteremsha maji kutoka kichwani mwa mtoto. Kipimo cha kazi hii ni mikromita, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa mikromita 50 hadi 100 hivi. Chembe zinazousumbua mwili zaidi ni ndogo kuliko hapo, nyingi chini ya mikromita 10, kwa hiyo muuguzi anayesema ameitazama pleti na ameiona safi anasema kweli, ila jicho lake haliwezi kufika inakotakiwa.

Nayatazama haya kutoka Lubunga, komuni pekee ya Kisangani iliyo ng'ambo ya kushoto ya mto Kongo. Nyingine tano ziko kulia, na daraja hakuna. Pleti inayomsubiri mtu aliyevunjika mguu hapa imepita mikono mingi: kiwanda cha Ulaya, India au China, ghala, Kinshasa, ndege au boti ya mto, na mwishoni mtumbwi. Tena, katika hospitali nyingi za ukanda wetu, pleti na skrubu haziji kila moja katika mfuko wake uliofungwa na kutakaswa kiwandani. Huja hazijatakaswa, huwekwa katika kisanduku chenye matundu, na kila baada ya upasuaji zile ambazo hazikutumika huoshwa tena na kurudishwa kwenye mvuke. Skrubu moja inaweza kuingia chumba cha upasuaji mara nyingi kabla haijapata mfupa wake. Kwa maneno mengine, hatua ya mwisho ya utengenezaji wa skrubu hiyo hufanyika kwenye beseni la hospitali, na fundi wake wa mwisho ni muuguzi mwenye brashi.

Ndiyo maana makala haya yanauweka utambuzi mbele ya hesabu. Kuhesabu chembe kunaonyesha uchafu ni kiasi gani. Jina la chembe linaonyesha uliingilia wapi, na pasipojulikana ulikoingilia hakuna anayeweza kuuzuia.

Iliyochemshwa si lazima iwe safi

Mvuke wa nyuzi joto 121 au 134 chini ya shinikizo huua vimelea, lakini hauondoi kitu. Mchanga uliokuwapo hubaki mchanga. Damu iliyokauka huivia pale pale na kushika zaidi. Hata bakteria waliokufa huacha sumu ya kuta zao, endotoksini, ambayo haiharibiwi na mvuke wa kawaida. Endotoksini huhitaji joto kavu la nyuzi 250 kwa muda wa dakika 30 hivi, au kuoshwa hadi itoke. Chembe iliyobeba endotoksini huuchokoza mwili kuliko chembe tupu ya aina ile ile.

Ndani ya mwili, chembe hukutana kwanza na makrofaji, seli zinazomeza uchafu. Chembe ya chini ya mikromita 10 humezwa. Ikiwa ni ya chuma au plastiki, seli haiwezi kuisaga. Huendelea kutoa kemikali za kuomba msaada, na kemikali hizo huamsha seli zinazokula mfupa. Mfupa hupungua kando ya kifaa, kifaa hulegea, mgonjwa huanza kuchechemea tena. Chembe kubwa zaidi huzungukwa na seli kadhaa zilizoungana kuwa jitu moja lenye viini vingi. Kwenye picha ya eksirei hali hii huonekana kama ukanda mweusi unaopanuka kati ya chuma na mfupa, na mara nyingi huitwa maambukizi hata pale ambapo hakuna bakteria anayeota maabarani.

Aliyelijua hili kwa gharama kubwa ni John Charnley, daktari wa upasuaji wa Wrightington, Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alianza kutengeneza vikombe vya nyonga kwa Teflon, akivutiwa na utelezi wake. Wagonjwa wapatao 300 waliwekewa. Baada ya miaka michache Teflon ilikuwa imesagika na kuacha uvimbe uliojaa unga mweupe. Charnley alipopata plastiki nyingine, polietilini ya molekuli ndefu, alijiwekea vipande vya zote mbili kwenye paja lake mwenyewe ili aone mwili utasemaje; Teflon ikaleta vinundu, polietilini ikatulia. Kuanzia Novemba 1962 akaitumia polietilini, na nyonga bandia za leo zimetokana nayo. Baadaye ikaonekana kuwa polietilini nayo husagika, polepole zaidi, na chembe zake nyingi ni ndogo kuliko mikromita moja.

Chembe za Charnley zilizaliwa ndani ya mwili, kwa msuguano. Uchafu wa kiwandani ni jambo jingine, ingawa seli zinazoupokea ni zile zile. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Desemba 2000, pale kampuni ya Sulzer Orthopedics ya Austin, Texas, ilipovirudisha kutoka sokoni vikombe vyake vya nyonga vya Inter-Op. Watu zaidi ya 17,000 walikuwa wamekwisha kuwekewa. Vikombe hivyo vilibaki na mafuta ya mashine, na kwa wagonjwa wengi mfupa ulikataa kushikana navyo. Hapo hapakuwa na punje ya kuhesabu. Palikuwa na utando mwembamba wa mafuta, kitu ambacho hadubini ya kawaida ingekipita bila kukiona. Mwaka 2010 ikaja zamu ya nyonga za ASR za kampuni ya DePuy, chuma juu ya chuma, zilizokuwa zimewekwa kwa watu wapatao 93,000 duniani. Safari hii tatizo likawa msuguano tena: vumbi la kobalti na kromi katika damu na misuli. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, upande wa Kolwezi na Likasi, na maji ya Lualaba yanayotoka pande hizo ndiyo yanayopita mbele ya Lubunga yakiitwa mto Kongo. Nyonga ya kobalti yenyewe ni adimu sana Lubunga.

Kuzitoa chembe kwenye chuma

Chembe haisomwi vizuri ikiwa bado imejificha kwenye mtaro wa skrubu. Kwanza hutolewa. Kifaa huoshwa kwa maji yaliyochujwa, au kwa kiyeyusho, kwa kutikiswa, kwa kupigwa maji ya shinikizo, au kwa kuzamishwa kwenye beseni la mawimbi ya sauti. Maji hayo hupitishwa kwenye utando wa kuchujia wenye matundu ya chini ya mikromita moja, kwa kawaida duara la kipenyo cha milimita 47. Kinachobaki juu ya utando ndicho kinachochunguzwa.

Kuna mitego miwili hapa, na maabara nyingi zimeanguka katika mmoja au mwingine. Wa kwanza ni kuosha mara moja na kuamini. Utaratibu uliokopwa kutoka viwanda vya magari, ambako usafi wa vipuri ulianza kupimwa kwa makini, hudai kifaa kioshwe mara sita na kila maji yahesabiwe peke yake. Ni sawa na kusuuza mchele: maji ya kwanza ni meupe, ya pili hafifu, na yakizidi kutakata unajua umefika. Uoshaji hukubaliwa kuwa umetosha pale ambapo maji ya mwisho yanaleta asilimia 10 au chini ya jumla yote. Yasiposhuka hivyo, ama njia ya kuosha ni dhaifu, ama kifaa chenyewe kinameguka na kuzaa chembe mpya; beseni la mawimbi ya sauti lina tabia hiyo kwa rangi na tabaka laini.

Mtego wa pili ni kuhesabu uchafu wa maabara na kuuita wa kifaa. Kinga yake ni jaribio tupu: kazi nzima hufanywa bila kifaa, kwa maji yale yale, chombo kile kile na mikono ile ile. Ikiwa jaribio tupu linaleta chembe zinazokaribia zile za pleti, basi pleti haijashtakiwa bado. Ripoti isiyoonyesha jaribio tupu mimi siisomi zaidi ya ukurasa wa kwanza.

Kuhesabu kwenyewe ni kazi nyepesi siku hizi. Hadubini yenye kamera hupiga picha utando mzima na programu hupanga chembe kwa ukubwa na umbo. Zipo mashine zinazopitisha maji mbele ya mwale wa mwanga na kuhesabu vivuli, na ipo mizani inayopima uzito wa vyote kwa pamoja. Dawa za sindano zina viwango vinavyojulikana: kwa chupa ya zaidi ya mililita 100, mashine ya vivuli isipate zaidi ya chembe 25 za mikromita 10 au zaidi katika kila mililita, wala zaidi ya 3 za mikromita 25 au zaidi. Vyuma vya mfupa havina namba moja ya namna hiyo. Kiwango cha kimataifa cha usafi wake, ISO 19227 cha mwaka 2018, humtaka mtengenezaji ajiwekee mpaka wake na autetee kwa hoja za hatari kwa mgonjwa. Mnunuzi aliyeko Kisangani ana haki ya kuuomba mpaka huo kwa maandishi.

Kuipa chembe jina

Hatua ya kwanza haihitaji mashine ya gharama. Umbo na rangi husema mengi. Unyuzi wa pamba ni bapa na umejipinda kama utepe. Unyuzi wa poliesta ni mviringo na laini kutoka mwanzo hadi mwisho. Unyuzi wa buluu wa pamba kwenye skrubu huelekeza kidole kwenye mashuka ya upasuaji yaliyofuliwa hadi yakaanza kunyonyoka. Unyuzi mweupe wa poliesta huelekeza kwenye nguo za kazi, kitambaa cha kufutia au kiwanda. Silikoni ndiyo mbaya zaidi kwa jambo hili, kwa kuwa huvuta nyuzi na poda kwa chaji ya umeme iliyo juu yake. Ndiyo maana mirija ya silikoni, kama ile inayotumika Mbale, Uganda, katika hospitali ya watoto ya CURE iliyofunguliwa mwaka 2001, haitakiwi kulazwa juu ya kitambaa kabla ya kuingia mwilini.

Baada ya umbo huja kemia, na hapa njia hugawanyika. Kwa plastiki, nyuzi, ngozi na sabuni hutumika mwanga wa infraredi unaopitia hadubini. Kila kifungo cha kemikali hunyonya mwanga kwa mahali pake. Poliesta ina kilele kirefu karibu na namba 1720 kwenye mchoro. Protini, yaani ngozi, damu au mabaki ya tishu, ina viwili, karibu na 1650 na 1540. Silikoni huonekana karibu na 1260 na 800. Njia hii huanza kuchoka chembe inapokuwa chini ya mikromita 10. Hapo hupokewa na Raman, ambayo hutumia leza na hufika karibu na mikromita moja, ila rangi ya kitambaa au uchafu wa asili unaweza kung'aa chini ya leza na kufunika kila kitu. Masizi na vumbi la makaa ya kupikia hayana la kusema mbele ya infraredi, lakini kwa Raman hutoa milima miwili mipana, karibu na 1350 na 1580, isiyofanana na ya kitu kingine cha jikoni wala hospitalini.

Kwa metali na madini hutumika hadubini ya elektroni yenye kisomaji cha eksirei. Elektroni huipiga chembe, chembe hutoa eksirei, na kila elementi hutoa nishati yake. Sehemu hii inastahili muda, kwa kuwa ndipo jina la chuma linapogeuka kuwa anwani.

Chuma cha pua cha kitabibu, kile cha misumari ya shirika la SIGN inayotoka Richland, Washington, na kutumika Muhimbili na hospitali nyingine nyingi za Afrika, kina kromi asilimia 17 hivi, nikeli asilimia 13 hadi 15, na molibdeni kidogo zaidi ya asilimia 2. Keekee na vifaa vya kukatia hutengenezwa kwa chuma kigumu zaidi, chenye kromi bila nikeli ya maana. Kibanzi cha chuma na kromi kisicho na nikeli hakikutoka kwenye pleti. Kilimeguka kwenye keekee butu. Alumini pamoja na oksijeni, bila titani, ni punje ya mchanga wa kusugulia uliotumika kiwandani kuukwaruza uso. Silika, sodiamu na kalsiamu kwa pamoja ni kioo. Magnesiamu na silika ni poda ya talki. Silika, alumini na chuma kwa pamoja, katika vipande vyekundu visivyo na umbo, ni udongo wetu wenyewe, ule ule wa barabara za Lubunga wakati wa kiangazi: hiyo imeingilia dirishani au ndani ya maji.

Kisangani inahitaji tahadhari ya ziada. Kati ya tarehe 5 na 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji kwa mizinga, na wapo wakazi ambao bado wana vipande vya chuma mwilini. Mabomu hutengenezwa kwa chuma cha kawaida chenye manganizi, bila kromi. Kwa hiyo mabaki ya chuma na manganizi yaliyopatikana kando ya pleti ya mtu mzima wa mji huu yasitafutwe kwenye sanduku la vifaa kabla mgonjwa hajaulizwa alikuwa wapi wiki ile.

Mashine hii nayo hudanganya. Kilele cha molibdeni kiko kwenye nishati ya 2.29 na cha salfa kwenye 2.31, kwa kisomaji cha kawaida ni mlima mmoja. Mtu asiye makini huandika salfa, halafu hutafuta sabuni au mpira ambao haupo, kumbe alikuwa akitazama chuma cha pua. Titani na bariamu zimebanana vivyo hivyo, karibu na 4.5. Isitoshe, elektroni hupenya: chembe ya mikromita moja iliyolala juu ya pleti ya titani itasomwa kuwa ina titani hata kama ni ya unga. Dawa yake ni kuihamishia kwenye kipande safi cha elementi ya silikoni (si ule mpira wa silikoni) au kaboni kabla ya kuipiga.

Yanayowezekana ng'ambo ya kushoto

Hadubini ya elektroni haihitajiki kwa maswali yote. Maabara yenye hadubini ya kawaida ya kusomea malaria inaweza kuongezewa karatasi mbili za kuchuja mwanga, zinazopatikana hata kwenye kioo cha simu iliyokufa au kikokotoo. Moja huwekwa chini ya sampuli, nyingine juu yake, kisha huzungushwa hadi uwanja uwe mweusi. Vinavyobaki kung'aa ni pamba, poliesta, talki, vipande vya polietilini, na wanga. Punje ya wanga hujitambulisha kwa msalaba mweusi unaokutana katikati yake, na tone la iodini huigeuza buluu.

Wanga huo kwa miaka mingi ulipakwa ndani ya glovu ili ziteleze. Marekani ilizipiga marufuku glovu zenye poda kuanzia tarehe 18 Januari 2017, kwa kuwa poda ilileta vinundu na mishikamano tumboni, lakini masoko mengine yaliendelea kuziuza. Hapa kwetu kuna utata mtamu: wanga wa glovu ni wa mahindi, na wanga ulio hewani katika nyumba nyingi za Lubunga ni wa muhogo. Wote wana msalaba. Hutofautiana kwa umbo, kwani punje ya mahindi ina kona kona, ya muhogo ni mviringo uliokatwa upande mmoja. Anayejua tofauti hiyo ataelewa kama abadili glovu au akemee kula chakula karibu na chumba cha kufungia vifaa.

Kuna kifaa kingine ambacho Kongo inacho kwa wingi na hospitali hazikikumbuki: bunduki ya eksirei ya kupimia madini, ile ya wanunuzi wa kobalti na shaba. Haiwezi kuiona chembe ya mikromita 20. Lakini ikielekezwa kwenye skrubu yenyewe, kwa sekunde chache hutaja nikeli na molibdeni, au kukosekana kwake. Skrubu bandia, iliyochongwa kwa chuma kisicho cha kitabibu, hutoa kutu na chembe mfululizo, na kuiosha hakusaidii.

Swali la uchafuzi linaweza kuja miaka mingi baada ya tukio, na mji huu umewahi kuliona. Mwishoni mwa miaka ya 1950, ulipoitwa bado Stanleyville, sokwe walifugwa katika kambi ya Lindi kwa ajili ya majaribio ya chanjo ya polio. Miaka 40 baadaye ikadaiwa kuwa chanjo ile ilichafuliwa na virusi vya sokwe na kuanzisha ukimwi. Madai yalipimwa kwa kemia: sampuli za zamani zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye Taasisi ya Wistar, Philadelphia, zilichunguzwa, na hazikukutwa na virusi hivyo wala chembe za urithi za sokwe. Bila barafu la Philadelphia, ubishi ungeendelea kwa maneno matupu.

Kwa hiyo pleti iliyotolewa isitupwe wala kusuguliwa. Kiwango cha ISO 12891 hueleza namna ya kuihifadhi: ipigwe picha, iwekwe peke yake katika chombo safi, iandikwe namba ya toleo kutoka kwenye lebo, tarehe ya kuwekwa na ya kutolewa, na upande uliokuwa umeelekea mfupa. Tishu iliyokuwa kando yake iende kwenye chombo kingine chenye fomalini. Anayepeleka tishu hiyo ng'ambo kwa uchunguzi amwandikie mpokeaji kifaa kilikuwa cha nini na kama kilishikizwa kwa saruji ya mfupa, kwa sababu viyeyusho vinavyotumika kuandaa tishu huiyeyusha saruji hiyo kabisa. Juu ya kioo hubaki matundu, na pembeni mwa matundu punje ndogo za dawa inayoifanya saruji ionekane kwenye eksirei. Punje hizo huwa ni zirkonia au salfati ya bariamu. Na kwenye salfati ya bariamu bariamu hujificha chini ya titani na salfa hujificha chini ya molibdeni, kwa hiyo msomaji wa mchoro atafute kilele cha pili cha bariamu, karibu na 4.83, kabla hajaandika jina.